entropy_avail imeganda kwenye 256 baada ya kuhamia Debian 12, nijali?

mlinda_seva
Wakuu, salama? Tumehamisha mfumo wa SACCOS yetu kutoka CentOS 7 kwenda Debian 12 (zote Linux), mashine pepe juu ya KVM, programu ya kuendesha mashine pepe. Kule zamani nilikuwa na skripti inayosoma /proc/sys/kernel/random/entropy_avail, yaani hesabu ya entropia (kutotabirika kunakotumika kutengeneza namba nasibu), na kunitumia meseji ikishuka chini ya 1000, maana namba ikiporomoka tu, programu yetu ya Java inaganda. Huku inasoma 256 asubuhi, 256 usiku, na meseji zinamiminika. Hata nikivuta megabaiti 100 kutoka /dev/random, faili la kuchotea namba nasibu, haitikisiki. Bosi anauliza kama funguo za TLS (za kusimba mawasiliano) tulizotengeneza ziko salama. Nimjibu nini?

kijana_wa_ruta
Weka haveged mkuu, ile programu ya kuongeza entropia, itapanda. Au futa /dev/random uiunganishe na urandom, pacha wake asiyesubirisha. Kwangu seva zote ziko hivyo.

mama_konsoli
Haitapanda hata mkiweka haveged kumi. Hiyo 256 ndiyo kilele.

CentOS 7 ina kerneli (kiini cha Linux) 3.10. Humo dimbwi la entropia lilikuwa la biti 4096, na kerneli iliamini kwamba kila ukisoma /dev/random entropia inatumika, kwa hiyo ilikuwa ikikata hesabu, na hesabu ikikauka inakuweka foleni. Java yenu ilikuwa inaganda kwenye foleni hiyo. Hesabu yenyewe haikuwa na mashiko. Biti 256 zisizotabirika zikishaingia, kanuni ya usimbaji kama ChaCha20 inazalisha namba kadiri utakavyo na hakuna wa kuzibashiri. Pilipili ikishakolea mchuzini, kuchota bakuli la kumi hakupunguzi ukali.

Kuanzia kerneli 5.6, mwaka 2020, /dev/random inasubirisha watu mara moja tu, mashine inapowaka, basi. Mwaka 2022 Jason Donenfeld akalifumua dimbwi lenyewe: kanuni ya kuchanganyia data ya SHA-1 ikatoka, ikaingia BLAKE2s ya biti 256. Namba unayoiona imetoka hapo. Skripti yako izime, haina tena cha kupima.

Na wewe kijana wa kufuta /dev/random, sikugombezi mbele za watu, ila urandom haisubiri mbegu, yaani ile entropia ya kuanzia. Kwenye seva iliyowaka tangu Krismasi huoni tofauti. Kwenye ruta mpya inayotengeneza ufunguo sekunde chache baada ya kuchomekwa umeme, utaiona. Mwaka 2012 Nadia Heninger na wenzake walikusanya funguo za TLS na SSH (ya kuingia seva kwa mbali) kutoka intaneti nzima, wakakuta ruta na fayawoli kibao zina funguo za RSA, zinazojengwa kwa kuzidisha namba tasa mbili za siri, zinazochangia namba tasa. Funguo mbili zikichangia tasa moja, unatafuta KKS (Kigawo Kikubwa cha Shirika), ile ile ya shule ya msingi, na zote mbili zimefunguka.

Sasa mlinda_seva, nijibu: mashine hizo mliziweka upya kutoka ISO (faili la usakinishaji) au mlinakili?

mlinda_seva
Tulinakili. Ziko nne, zote kutoka templeti moja. Diski tu, templeti ikiwa imezimwa.

mama_konsoli
Hapo ndipo pa kuhangaika, siyo kwenye 256, maana nakala hurithi funguo za SSH za templeti. Endesha hii kwenye zote nne:

ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub

Alama za funguo (fingerprint) zikifanana, futa /etc/ssh/ssh_host_* halafu ssh-keygen -A itengeneze mpya. Kwenye templeti futa hizo hizo, futa na /var/lib/systemd/random-seed (mbegu iliyohifadhiwa), kisha umwage /etc/machine-id (kitambulisho cha mashine) ibaki tupu, la sivyo nakala ya tano itarithi yote. Na anayesimamia KVM awape virtio-rng, kifaa pepe kinachozipa mashine namba nasibu kutoka kompyuta mama. Ikikaa sawa, /sys/class/misc/hw_random/rng_current itasema virtio_rng.0.

Funguo za TLS mlizitengeneza kabla ya kunakili au baada?

mlinda_seva
Baada, kila mashine yake, kwa openssl. Ila mama, alama za SSH zote nne ni moja!

kijana_wa_ruta
Duh. Ngoja na mimi nikaangalie zangu.

mama_konsoli
Kaangalie, na urudishe /dev/random ya watu.

Mlinda, TLS ziache, mwambie bosi ziko sawa. Za SSH badilisha leo, ila waambie wenzio kwanza, maana kompyuta zao zitapiga kelele kwamba seva imebadilika, na sitaki wazoee kubonyeza "yes" bila kusoma. Watumie alama mpya kwa njia nyingine wazilinganishe.