Maskati mpaka Mumbai ni saa nne hewani, au mbili na nusu?

Binti wa Wete:
Asalaam aleikum jamani. Namsindikiza mama India kutibiwa mguu. Tunatoka Unguja mpaka Maskati, tunapumzika siku mbili kwa mama mdogo, halafu Mumbai, kisha Chennai. Tiketi inaonyesha tunaondoka Maskati 22:00, tunafika Mumbai 02:10. Nikihesabu napata saa nne na dakika kumi. Wakala anasema ni saa mbili na nusu tu na kidogo. Nani mkweli?

Nauliza kwa sababu daktari kamkataza mama kukaa kitako zaidi ya saa tatu bila kunyanyuka. Safari iliyopita, kwenye boti ya kutoka Mkoani, Pemba, kwa kuogopa mawimbi hakunyanyuka njia nzima. Kufika bandarini Malindi, Unguja, mguu umevimba, champali haiingii, nikampandisha teksi yuko pekupeku. Roho iliniuma mno.

Nipo Ruwi:
Waaleikum salaam dada. Wote wakweli. Tiketi huandika saa za kila mji wenyewe: 22:00 ni ya Maskati, 02:10 ni ya Mumbai, na India wako mbele ya Oman kwa saa moja na nusu. Itoe hiyo, zinabaki saa mbili na dakika arubaini. Masafa ni kama kilomita 1,600, karibu yote juu ya bahari. Siku ya kurudi itaonekana kinyume, kama vile mmeruka kwa saa moja na robo tu. Angalia na tarehe: mnaondoka leo, mnafika kesho.

Mzee wa Malindi:
Mwanangu, mie nimempeleka mke wangu Chennai mara mbili. Kipande unachokihofia ni kifupi. Kirefu ni Unguja–Maskati, saa tano na zaidi, karibu kilomita 3,900. Humo ndimo umnyanyue mama, atembee mpaka chooni na kurudi hata kama hana haja. Muombee kiti cha kando ya njia, maana wazee wetu huona haya kuwainusha watu. Na Mumbai mnaondoka saa ngapi?

Binti wa Wete:
Shikamoo baba. Saa kumi na moja alfajiri.

Mzee wa Malindi:
Marahaba. Muda hautoshi, mwanangu. Mumbai ndipo mnapoingia India: foleni ya pasipoti, mchukue mizigo, mpite forodha, kisha muikabidhi tena kwa ndege ya Chennai. Kwa mgonjwa wa mguu huko ni kukimbizana. Mie nilikimbilia mabegi, nikageuka nikamwona mke wangu kule nyuma kashika ukuta. Sogeza ndege mpaka asubuhi, au uliza ya moja kwa moja Maskati–Chennai. Haifiki saa nne, katikati mnamnyanyua mara moja. Kiti cha magurudumu kiombe leo, usingoje siku ya safari.

Binti wa Wete:
Ahsante sana baba, nawe kaka wa Ruwi, Mungu awalipe. Wakala kaipata ya moja kwa moja, ya usiku. Bei imepanda, lakini kaka yangu kasema ataongeza. Mama hakuuliza bei wala kilomita, kauliza tu sala ya alfajiri itamkuta wapi. Nimemwambia Chennai, inshaallah, tushashuka.