Karani wa hesabu Mombasa: adaiwe CPA au apimwe mkono?

Mhasibu wa Tudor

Asalaam aleikum waungwana. Matangazo ya kazi hapa mjini yamenichosha. Ofisi ya kutoa mizigo bandarini yataka karani wa kuingiza ankara na kufuatilia malipo, na sharti la kwanza ni CPA kamili, cheti cha uhasibu cha bodi ya mitihani ya KASNEB, yaani ngazi zote tatu: ya msingi, ya kati na ya juu. Mwenye CPA kamili hakai kwa mshahara wa karani, akipata pengine keshaondoka. Na yule wa ATD, diploma ya ufundi wa hesabu, anayeijua kazi hata kwenye mahojiano hakuitwa.

Rai yangu: kwa kazi za chini, waajiri wapime mkono, yaani ujuzi wa kuifanya kazi yenyewe. Mkalishe mwombaji saa moja, mpe daftari la benki linaloandikwa ofisini na taarifa ya benki ya mwezi huohuo, zisilingane. Mwekee hundi ambayo haijafika benki, makato ambayo hayajaandikwa, na 5,400 iliyoandikwa 4,500. Mwenye kazi yake akibakiwa na tofauti ya 900, huigawa kwa tisa kabla ya kugusa risiti yoyote. Ikigawanyika bila baki, anatafuta kwanza tarakimu zilizopinduliwa, maana kupinduliwa huko huacha tofauti inayogawanyika kwa tisa. Hilo cheti hakikuonyeshi.

Kijana wa Kisauni

Kaka, mimi nimesoma TUM, chuo kikuu cha ufundi hapa Mombasa, naunga mkono nusu. Atachimenti yangu, yale mafunzo ya kazini ya mwanafunzi, ilikuwa kupiga fotokopi na kupeleka barua Treasury Square. Hakuna aliyenifungulia iTax, mtandao wa kodi, nikaona ritani ya kodi inavyojazwa. Nauli yatoka kwa mama. Sasa mkija na mtihani wa mkono, huo mkono niupatie wapi?

Mwalimu wa Jioni

Nafundisha CPA hapa Mwembe Tayari, kwa hiyo mtasema navutia kwangu. Semeni tu.

Ndugu wa Tudor, umechagua mfano mwepesi. Twende kwenye hiyohiyo ofisi ya mizigo. Mteja amlipa wakala shilingi 1,000,000. Katika hizo, 900,000 ni ushuru wa forodha na gharama za bandari anazolipiwa mteja, kwa hati zenye jina lake. Ujira wa wakala ni 100,000. Karani wako mwenye mkono mwepesi ataingiza milioni nzima kama mapato, halafu apige VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 juu yake yote: 160,000 badala ya 16,000. Daftari la benki litalingana hadi senti ya mwisho, na hesabu ni mbovu vilevile! Kujua kwamba zile laki tisa ni pesa za watu zinazopita tu mkononi mwako ni somo, na mahali pa somo hilo ni darasani.

Mhasibu wa Tudor

Hapo umenibana, mwalimu. Lakini basi swali hilo litiwe kwenye mtihani, sababu nawajua wenye vyeti ambao wangelikosa. Wala sisemi watu waache kusoma. Ukaguzi wa hesabu ni wa wenye leseni ya ICPAK, taasisi ya wahasibu wa Kenya; sheria ya wahasibu ya 2008 iko wazi na ibaki hivyo. Mimi nazungumzia karani.

Bi wa Kizingo

Mimi ndiye mwajiri mnayemsema. CPA naitumia kupunguza bahasha mezani, basi. Hiyo saa moja kwa kila mwombaji nitaitoa wapi, na PAYE, kodi ya mishahara, yaningoja tarehe 9 na VAT tarehe 20?

Ila nyote wawili mmelikwepa linalonisumbua zaidi. Tangu Januari 2024 matumizi yasiyo na ankara ya eTIMS, ule mfumo wa ankara za kielektroniki, KRA, mamlaka ya mapato, kwa kawaida hawayakubali kupunguza kodi. Fundi anakuja kutengeneza jenereta, mtu mzima mwenye mvi, anaandika risiti ya mkono. Karani wangu, msomi, anaona haya kumwambia, "Mzee wangu, shikamoo, bila ankara ya eTIMS siwezi kukulipa." Anapokea kikaratasi, mwisho wa mwaka nalipia kodi mimi. Kuwa mpole na bado ukakataa, hiyo yafundishwa ngazi gani, mwalimu?

Mwalimu wa Jioni

Haifundishwi, Bi. Hiyo hujifunzwa kando ya mhasibu mkubwa, karani akiona anavyomrudisha mtu bila kumvunjia heshima. Lakini nyinyi ndio mnaowaweka vijana kwenye fotokopi.

Bi wa Kizingo

Sikatai. Basi tunga hayo maswali, mwalimu, nami nitawapa watakaoomba mara hii, wa CPA na wa ATD pamoja. Ila mchujo wa kwanza nausimamia mwenyewe.

Mhasibu wa Tudor

Mchujo kwa kigezo gani, Bi? Kama ni cheti tena, tumezunguka tukarudi palepale. Waulize swali moja tu la mwalimu, lile la laki tisa, walijibu ndani ya barua ya maombi. Watapungua wenyewe.

Kijana wa Kisauni

Hilo la laki tisa sasa nimelishika, nitaomba. Lakini shangazi, na wa atachimenti je? Mtawalipa nauli?

Bi wa Kizingo

Nauli na chakula cha mchana, sawa. Mshahara, la, mtu bado anafundishwa.

Kijana wa Kisauni

Akiingiza ankara zako siku nzima, huyo tayari anafanya kazi. Hapo sikubaliani nawe, shangazi, kwa heshima zote.