Tupeane uzoefu: fildi ya sheria serikalini, ulikutana na nini?

Mtu wa Masjala
Wakuu, salaam. Mdogo wangu yuko mwaka wa pili sheria, kapangiwa fildi (mafunzo kwa vitendo) kitengo cha sheria cha halmashauri kuanzia Julai. Juzi kanipigia: "Kaka, hivi huko nitafanya nini hasa?" Nimeona nisimjibu peke yangu. Mliopita ofisi za umma mkiwa wanafunzi, mwageni hapa.

Naanza. Halmashauri siitaji, nilisaini fomu ya kutunza siri.

Wiki tatu za kwanza niliwekwa masjala. Kupanga majalada tu: barua kulia, madokezo (maelezo ya ndani ya ofisi) kushoto, kila karatasi namba yake ya folio, yaani namba ya nafasi yake kwenye jalada, kwa kalamu nyekundu. Niliumia. Nilitoka chuo kichwa kimejaa kesi, nikaona wananipotezea likizo. Siku moja nikiwa na jalada la ujenzi wa zahanati, katikati ya ankara za saruji nikakuta notisi ya siku 90. Mzee anadai fidia ya shamba lake. Kwa wasio wa sheria: Serikali huishtaki hivi hivi, lazima uipe kwanza notisi ya siku 90, na tangu marekebisho ya 2020 halmashauri nazo zimo humo. Siku hizo ndizo za kukaa mezani kabla ya mahakama. Nikahesabu kuanzia tarehe ya mhuri wa kupokelea: siku ya 71. Notisi haina folio, haina dokezo, hajaijibu mtu.

Niliibeba mpaka kwa mwanasheria. Akasoma, akavua miwani, akasema, "Kaa hapo, andika dokezo." Alilirudisha mara nne. "Kilatini waachie walimu wako. Mkurugenzi anataka kujua kimetokea nini, sheria inasemaje na tunamshauri afanye nini." Kabla ya siku ya 80 mzee aliitwa. Alikuja na bahasha ya kaki iliyochakaa pembeni, ndani kuna stakabadhi ya kununulia shamba tangu ujana wake. Malipo sikuyaona, fildi iliisha, ila siku mthamini alipoenda kuhesabu minazi ya yule mzee nilikuwa nimeshika daftari.

Binti Kilosa
Asante kwa kuanzisha, mkuu. Mimi yangu ni ya 2019, baraza la ardhi na nyumba la wilaya. Mwezi wa kwanza niliwaelekeza watu waanzie wapi, mlango gani, karatasi gani imepungua. Asubuhi moja alikuja mama mmoja na nakala ya hukumu, kaikunjakunja, kaifunga kwenye upindo wa khanga. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nimeshinda au nimeshindwa?"

Hukumu yote Kiingereza. Alikaa nayo wiki mbili, hana wa kumsomea, na majirani walishamwambia kiwanja kimekwenda. Nikaanzia ukurasa wa mwisho. Alikuwa ameshinda! Nilipomwambia hakushangilia, alikaa chini pale pale kwenye sakafu ya varanda. Ikabidi nikae naye, nikamsomea yote kwa Kiswahili, aya kwa aya. Mwaka 2021 sheria ilipobadilishwa na Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya utoaji haki, nilimkumbuka yeye kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mja wa Ng'ambo
Mie ni wa Unguja, nilifanya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Kule ndiko mirathi ya Waislamu inakogawiwa. Skuli nilisoma mirathi kwa nadharia, pale nikakalishwa na shekhe mmoja mpole sana, akanipa karatasi na penseli. Marehemu kaacha mke, mama, watoto wa kiume wawili na wa kike mmoja. Mke thumni (moja ya nane), mama sudusi (moja ya sita), kinachobaki ni cha watoto, mwanamme fungu maradufu ya mwanamke. Gawa mali mafungu 120: mke 15, mama 20, binti 17, kila mwana 34. Shekhe akasema nijumlishe tena mbele ya familia, kwa sauti, ili kila mmoja aisikie hesabu yake. Walikuja hawasemezani. Walipoondoka, mwana mkubwa alikuwa kamshika bibi yake mkono kushuka ngazi. Mdogo wako mwambie asiogope hesabu.

Wakili Mtarajiwa, Kisumu
Sisi Kenya twaita atachmenti. Mimi nilikuwa Mahakama ya Madai Madogo, madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na kesi yafaa iamuliwe ndani ya siku 60. Kazi yangu ilikuwa kusaidia watu wajaze fomu. Mama mboga anadai mwenye hoteli elfu kumi na nne, na anajua kila siku alipopeleka sukuma wiki. Ushahidi wake wote uko kwenye daftari la shule la mtoto. Tulilinakili lote.

Mpiga Chapa
Wenzangu mna bahati. Mimi wiki nane nilikaa kwenye benchi la wageni, msimamizi anasaini daftari langu Ijumaa bila kuuliza. Bumu, hela ya mkopo wa chuo, lilichelewa, nauli nikakopa kwa shangazi. Bado inaniuma, maana watu walikuwa wamejaa pale nje na mimi nilikuwepo, nina miguu na macho.

Mkuu, hiyo masjala uliyoilalamikia, mwambie mdogo wako aiombe mwenyewe siku ya kwanza.

Mtu wa Masjala
Nimemsomea sasa hivi kwa simu. Anauliza kalamu nyekundu atapewa au anunue.