Waliohamia bustanini kiangazi hiki na kuacha simu ndani, tupeane uzoefu

MwanaUdongo:
Wadau, poleni na jua. Nimeamua kuleta hili kwa sababu kilichonitoa kwenye simu si nidhamu wala programu ya kuhesabu saa. Ni maua ya maboga. Ua la boga hufunguka alfajiri, na jua likipanda tu linaanza kujifunga. Ua jike likipitiwa na asubuhi yake bila chavua, basi. Kile kiboga kidogo kinageuka manjano na kuoza. Nyuki kwangu wamekuwa wachache, kwa hiyo nachuma ua dume, naondoa petali, kisha nalipakaza taratibu ndani ya ua jike. Kazi hiyo haimsubiri mtu aliyelala anaperuzi video. Ile saa niliyokuwa nikiamka na kushika simu sasa iko nje, na sijaitamani tena.

Naomba tusimuliane. Nani bustani imemtoa mtandaoni? Ilianzaje? Na ambao haikuwasaidia waseme pia.

Bi Umande:
Naunga mkono. Kwangu ni matango. Lipite siku mbili bila kuchumwa, unakuta limeshakuwa gogo.

JembeLaAlfajiri:
Mkuu umenigusa. Mimi nilikuwa msimamizi wa magrupu makubwa ya mijadala, na kazi yenyewe ilikuwa kutenganisha watu wanaotukanana. Nalala saa nane usiku, naamka na jumbe zimejaa. Nikila, simu iko kando ya sahani. Mke wangu akawa ananiongelesha naitikia "ee, ee" na sijui alichosema. Siku moja kuna mtu nisiyemfahamu alinitolea maneno mazito, akamtaja na marehemu mama yangu. Mikono ikatetemeka. Niliweka simu chini nikatoka nje nikiwa sina pa kwenda, nikakuta bamia zimemezwa na magugu. Nikachuchumaa nikaanza kung'oa. Nimekuja kushtuka giza limeingia na mstari mzima ni msafi.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu. Ule ukurasa unaojiongeza wenyewe kila ukisogeza kidole ulibuniwa 2006 na mbunifu wa programu Aza Raskin, na mwenyewe amekuja kusema hadharani kwamba anaujutia. Hauna mahali pa kukuambia "umemaliza". Tuta lina mwisho. Unafika kwenye kichwa cha tuta, unanyoosha mgongo, unaona ulichofanya. Mimi nilikuwa na njaa ya kumaliza kitu, sikujua tu. Usimamizi niliuacha wiki ileile, na hakuna grupu lililokufa.

Kijana wa Ghorofani:
Haya ni ya wenye uwanja. Sisi wa kwenye kibaraza cha futi chache je?

Bi Umande:
Ndoo, mwanangu. Mnyanya mmoja kwenye ndoo ya lita 20, toboa matundu chini. Ila kiangazi udongo wa kwenye chombo hukauka haraka mno, kuna siku utamwagilia asubuhi na jioni. Epuka vyombo vyeusi juani, vinachemsha mizizi.

FundiMaji:
Na msimwagilie mchana jamani! Tone la maji juani linakusanya mwanga na kuunguza jani. Nimeona mashimo kwa macho yangu.

Shina na Mizizi:
FundiMaji, hilo tumerithishana tu. Watafiti wa Hungary walilipima na kulichapisha 2010: kwenye majani laini yasiyo na vinyweleo, matone hayakuunguza. Yenye vinyweleo vinavyolinyanyua tone juu ya jani ndiyo yanaweza kuungua. Sababu ya kumwagilia asubuhi ni nyingine kabisa: maji yanazama kabla jua halijayanyonya, na majani yakilowa yanapata muda wa kukauka, ukungu haupati nafasi.

FundiMaji:
Kwa hiyo nimekuwa nikiona ndoto? Hayo ya maabara waachieni wenyewe.

Shina na Mizizi:
Sijakuita mwongo, ndugu yangu. Mashimo huletwa na vitu vingi, viwavi, ukungu. Ninachokataa ni mtu kuangalia mche unanyauka saa saba akaunyima maji kwa kuogopa tone.

Bi Umande:
Lakini kunyauka mchana si kiu kila mara. Mboga maboga hulegeza majani jua likiwa utosini, jioni yanasimama yenyewe. Chomeka kidole kwenye udongo kwanza. Kukiwa na unyevu huko chini, uache.

Muuguzi Mstaafu:
Naomba nichangie kwa upande wangu. 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha kwenye jarida la Science uchunguzi wa wagonjwa waliopasuliwa mfuko wa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Waliolazwa kwenye vyumba vyenye dirisha linalotazama miti walitoka mapema kidogo na kuhitaji dozi chache za dawa kali za maumivu kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Nilisikia habari hizo nikiwa bado kazini, na nikawa nawageuzia wagonjwa vitanda pale inapowezekana. Sasa nimestaafu na najigeuzia mwenyewe. Kiti changu kiko kati ya mipilipili, simu iko ndani inachajiwa, na nikiingia kuichukua huwa nimetulia.

Shina na Mizizi:
Mama, kwa heshima zote, wagonjwa wale walikuwa 46 tu. Tusiujengee mlima.

Muuguzi Mstaafu:
Ni wachache, kweli. Nami nimehudumia wengi zaidi ya hao, mwanangu, na niliyoyaona yanafanana.

Mama wa Watatu:
Kwangu dawa ilikuwa kabati. Bustani ikianza, simu zote zinafungiwa, funguo nakaa nayo mimi. Watoto walinuna, sasa wanagombania nani aangalie viwavi chini ya majani. Fungieni tu, msibembeleze.

Mpiga Picha wa Majani:
Mbona mnaisema simu kama adui? Mimi mwaka jana nyanya zilikuwa zinaoza kitako, doa jeusi lililobonyea chini ya tunda. Nilikuwa nimeshaanza kupiga dawa ya ukungu. Nikaweka picha mtandaoni, mkulima mmoja akaniambia acha dawa, hilo si gonjwa la ukungu. Tunda limekosa kalsiamu, na mara nyingi kalsiamu imo udongoni ila haipandi kwa sababu leo unalowesha, kesho unakausha. Nikaweka matandazo ya majani makavu, unene wa kiganja, nikayaacha mbali kidogo na shina, nikamwagilia kwa mpangilio. Matunda yaliyofuata yalitoka mazima. Bila mtandao ningemwaga sumu bure.

Mama wa Watatu:
Na baada ya jibu ulifunga simu, au ulibaki kuhesabu waliopenda picha?

Mpiga Picha wa Majani:
Dada, hilo ni langu. Picha zangu zimewasaidia watu.

JembeLaAlfajiri:
Tusigombane. Njia ya kati ipo: uliza usiku, lima asubuhi. Mimi swali naliandika kwenye daftari la bustani. Mengi yanajijibu kabla jioni haijafika.

Asiyependa Jembe:
Mimi bustani haikunitoa popote. Joto likizidi 35 maua ya nyanya yanapukutika, lettuce inarefuka, inatoa maua na kuwa chungu, na mimi narudi ndani kwenye feni na simu. Nilichofanikiwa ni kugeuza skrini iwe nyeusi na nyeupe. Video zikikosa rangi hazina mvuto. Na hiyo haihitaji mbolea.

Kijana wa Ghorofani:
Hii ya rangi naijaribu leo.

BintiWaMatuta:
Nimesoma hayo ya kufungia simu kabatini, mwili umenisisimka. Naandika ingawa sikupanga.

Baba yangu ana presha, anatumia vidonge vya kutoa maji mwilini. Nasi tulikuwa na utaratibu kama wa Mama wa Watatu: mkienda bustanini, simu zinabaki kwenye droo ya jikoni. Ulimfaa sana yeye, maana tangu astaafu alikuwa anashinda kwenye magrupu ya habari na kila linaloandikwa linamuumiza. Kipindi hicho joto lilikuwa limekaa siku kadhaa bila kupungua hata usiku. Alikuwa anafunga nyanya kwenye vijiti. Nikamwambia, baba toka juani. Akasema namalizia mstari huu. Mara nikasikia ananiita kwa jina la dada yake aliyekwisha kufariki. Nilidhani ananitania. Kugeuka, namwona anafungua fundo alilolifunga, analifunga tena, analifungua. Nikamshika mkono, unaunguza. Akakaa chini, kisha akalala juu ya tuta macho yakiwa wazi, namwita hanijibu.

Simu iko kwenye droo. Nyumba iko upande wa pili wa uwanja. Nimuache nikapige simu au nibaki nimpoze? Hakuna muda mrefu kama ule. Nikamtuma mwanangu mdogo. Akarudi mikono mitupu analia, simu imefungwa, hajui namba ya siri, ameiacha hukohuko. Nikamburuta baba hadi kivulini, nikamwelekezea mpira wa maji kichwani, shingoni, kwapani, huku napiga ukelele. Jirani akaruka ua na simu yake mkononi. Aliyepokea simu ya dharura akatuambia endeleeni kummwagia maji na kumpepea, msimnyweshe chochote maana hajitambui. Hospitali walimkuta bado ana joto la mwili zaidi ya 40. Walisema ni kiharusi cha joto, na yale maji ndiyo yaliyomwokoa.

Alipona, Mungu ashukuriwe, ila ilichukua muda mrefu hadi akawa baba ninayemjua. Kwa hiyo anayesema "fungieni tu" naomba afikirie tena.

Bi Umande:
Mwanangu, pole. Pole sana. Nimesoma mara mbili.

FundiMaji:
Pole dada. Uliyoyafanya ndiyo yenyewe, kumpoza kwanza.

Mama wa Watatu:
Dada, nisamehe kama maneno yangu yamekuumiza. Simu nazitoa kwenye kabati leo. Lakini naomba kuuliza, sasa tufanyeje? Nikiishika simu mfukoni, najua itanirudisha kulekule.

Muuguzi Mstaafu:
Kwanza, wote mliopo hapa wafundisheni watoto: simu nyingi zikiwa zimefungwa bado zinapiga namba ya dharura bila namba ya siri. Kwenye skrini ile ya kufungulia pana neno la dharura. Mwonyeshe mtoto lilipo kabla hajalihitaji.

Pili, mtu akianza kuongea yasiyoeleweka juani, usingoje aanguke. Na msijidanganye kwamba kwa kuwa anatoka jasho basi yuko salama. Kiharusi cha joto kinampata mtu huku jasho linamtiririka. Wazee na wenye dawa za presha wamalize kazi kabla ya saa nne asubuhi, warudi baada ya saa kumi.

FundiMaji:
Na wanywe maji yenye chumvi kidogo.

Muuguzi Mstaafu:
Si mgonjwa wa presha, ndugu. Huyo amuulize daktari wake kwanza kuhusu chumvi, hata kuhusu kiasi cha maji. Wengine wana ugonjwa wa moyo.

Asiyependa Jembe:
Sasa mnaelewa kwa nini nakaa kwenye feni.

JembeLaAlfajiri:
Nunueni simu ya kitochi. Inapiga, inapokea, haina kingine. Yangu inakaa mfuko wa shati hata nikiwa napalilia.

Mpiga Picha wa Majani:
Au zima data na arifa zote, acha sauti ya kupigiwa tu. Huhitaji simu ya pili.

Mama wa Watatu:
Data nikiizima naiwasha. Mimi najijua. Nanunua kitochi.

Shina na Mizizi:
Filimbi shingoni nayo inafaa. Haiishiwi chaji.

MwanaUdongo:
Wadau nawashukuru. BintiWaMatuta, mzee anaendeleaje? Bado anaingia bustanini, au aliliogopa jua?

BintiWaMatuta:
Anaingia, mkuu, na hakuna wa kumzuia. Tulimfungia neti ya kivuli juu ya kitalu, anapanda miche pale asubuhi, jua likikolea anatoka mwenyewe. Kitochi kiko mfukoni, namba wanayo watu wa nyumbani peke yao. Magrupu ya habari hajayarudia. Alipotoka hospitali nilimletea simu yake kubwa nikidhani ataiulizia, akaniuliza nani alimalizia kufunga ule mstari wa nyanya.

Bi Umande:
Nani aliumalizia?

BintiWaMatuta:
Jirani yule yule aliyeruka ua.

Kijana wa Ghorofani:
Dada, mzee anafungia nyanya kwa kitu gani? Ya kwangu ya kwenye ndoo kamba ya nailoni imeanza kuikata shina.

BintiWaMatuta:
Toa nailoni leo leo. Baba anatumia vipande vya fulana kuukuu. Unazungusha kama namba nane, tundu moja likamate kijiti kwa nguvu, la pili lilizunguke shina kwa kulegea kiasi cha kupitisha kidole, maana shina bado linanenepa. Funga chini ya mahali jani linapotokea, halitateleza.