MREJESHO: Rimoti moja ya TV, king'amuzi na home theater

Wakuu habari za Mwanza, niliomba ushauri wa rimoti moja ya kuendesha TV, king'amuzi na home theater, sasa mrejesho ndo huu. Aliyenitajia rimoti za Harmony za Logitech asante, ila kampuni iliacha kuzitengeneza 2021 nikaipotezea. Zile za bei chee pale Makoroboi zinakuja na kikaratasi cha code, yaani namba za kuingiza kulingana na chapa ya kifaa, TV ikakubali chap, home theater ikagoma, chapa yenyewe haimo kabisa kwenye kikaratasi na ndo hizi zetu za kichina. Nikachukua ile inayonakili vitufe vya rimoti nyingine, unaziweka pua kwa pua na rimoti orijino ya kifaa, unabonyeza kitufe kwenye mpya halafu unabonyeza kilekile kwenye orijino, taa ikipepesa ujue imeshika, unaenda kitufe kinachofuata. Sharti orijino iwe hai, ipime kwa kamera ya mbele ya simu, ukibonyeza utaona taa ndogo ya zambarau. Sauti, AUX, bluetooth vyote vinatii. Besi tu bado maana kitufe chake kwenye orijino kimekufa, fundi wa Kirumba kasema nimpelekee asafishe, mama watoto kasema nisipeleke 😂