Shanga za bibi na daftari la duka la babu, nianzie wapi bila kuharibu?

Mwana_Pangani

Wadau habari zenu, naombeni msaada maana nimekaa na hivi vitu tangu mfungo sita, kila nikifungua naishia kuvitazama tu alafu nafunga tena. Bibi yetu mzaa mama alifariki mwaka jana, Mungu amrehemu, tulivyogawana vitu vya nyumbani kwake Pangani wenzangu wakagombania kabati la vioo na vyombo mimi nikasema nipeni lile kasha la chini ya kitanda, wakanicheka sana. Ndani kuna shanga mchanganyiko zimejaa kopo zima la maziwa ya unga, nyingine bado ziko kwenye uzi ila uzi wenyewe umeoza ukigusa tu zinamwagika, kuna tunda za kiunoni kama sita hivi, nyeupe na za damu ya mzee, kanga mbili za kisutu zimechakaa mpaka zinapitisha mwanga, vifungo vya chaza, na senti kumi za zamani zile za mkoloni zenye tundu katikati na pembe za ndovu zimelizunguka hilo tundu, hizo nimehesabu ziko 25. Na daftari la duka la babu. Kubwa, gamba gumu, la miaka ya 50, madeni ya mtaa mzima yamo mule, sukari ratili 2, mafuta ya taa chupa moja, fulani hajalipa, fulani kalipa nusu.

Sasa kuna watu nimewaona wanadarizi shanga juu ya kitambaa wanatoa mkufu, katikati wanaweka jiwe au kifungo cha zamani alafu shanga zinakizunguka safu kwa safu, na kuna wengine wanachukua kitabu cha zamani wanakigeuza kitu kingine kabisa, kurasa zinagundishwa, ndani linakatwa dirisha, wanaweka picha, lesi, ufunguo, chochote. Mimi navitaka vyote viwili.

Nilishajaribu. Nilishona senti moja kwenye feliti kwa uzi wa cherehani, siku ya tatu ukakatika niko kwenye daladala, shanga zikaenda mpaka chini ya viti vya nyuma, konda kanisaidia kuokota akapata saba, nyingine zimeshuka Mwenge na abiria. Kwenye daftari nikajaribu ukurasa mmoja tu wa mwisho, nikapaka ile gundi nyeupe ya maji, maandishi yakageuka zambarau yakaanza kutambaa. Nililia jamani.

Kwa hiyo naulizia uzi gani, kitambaa gani, na je daftari ndo basi tena?

fundi wa feliti

Dada pole ila na wewe, uzi wa cherehani kwenye senti! Ushanga wa kioo ukingo wa tundu lake ni wembe, hasa hizi za zamani ambazo zilikatwa hovyo, na senti nayo ina makali yake, uzi wa pamba hapo haukai. Nenda duka la vifaa vya uvuvi ulizia mshipi wa kusuka, sio ule wa plastiki unaong'aa, ule unavutika alafu ukizeeka unakatika kama kijiti. Wa kusuka, mwembamba kabisa, wa ratili 6 unatosha. Ile FireLine wanayoisifia watu wa shanga huko Marekani ni mshipi wa samaki tu wala si kitu cha ajabu. Usipopata tumia nailoni nyembamba, pitisha kwenye nta ya nyuki mara mbili, shona uzi mmoja mmoja lakini rudi kila mahali mara mbili.

Sindano namba 10 au 12, na kumbuka namba ikipanda sindano inakuwa nyembamba. Shanga pia ndo hivyohivyo, namba 11 ni kama milimita 2, namba 15 ni ndogo zaidi, namba 8 ni kama milimita 3, watu wengi wanaagiza 15 wakidhani ni kubwa. Za bibi hazitakuwa na saizi moja hata kidogo, kwa hiyo kwanza kabisa mwaga kwenye kipande cha blanketi, zikiwa kwenye sahani zinakimbia, kwenye blanketi zinatulia. Tenga nene, nyembamba, zilizopinda. Zilizopinda usitupe, ndo za kuzibia mapengo.

Kitambaa: feliti peke yake inavutika. Chini yake weka kile kitambaa kigumu ambacho fundi cherehani anaweka ndani ya kola ya shati, shona pamoja. Mshono ndo huu, toa sindano juu, tunga shanga nne, zilaze, zamisha sindano mwisho wa ya nne, alafu rudi utokee katikati ya ya pili na ya tatu, pita tena ndani ya ya tatu na ya nne, ndo uendelee na nne nyingine. Ukiona mstari unapinda kama njia ya mchwa ujue umezibana, tunga tatu badala ya nne.

Senti kumi ni pana, karibu sentimita 3, na tundu lake ni zawadi. Toa sindano kupitia tundu, weka kifungo kimoja cha chaza juu au ushanga mkubwa kuliko tundu, rudi chini, fanya hivyo mara nne. Alafu zungusha safu ya kwanza kwa kuigusa kabisa senti, idadi iwe shufwa, juu ya hiyo jenga ukuta kwa kuruka ushanga mmoja kila hatua, safu mbili za namba 11 alafu safu ya mwisho namba 15. Zile ndogo zinavuta ukuta kwa ndani, senti inakaa kama yai kwenye kikombe.

Ukimaliza kata feliti ukiacha milimita 2, TARATIBU, mimi nilishawahi kukata uzi hapo nikafumua kazi ya wiki mbili. Nyuma bandika ngozi laini ya mkoba wa mtumba, katikati weka kipande cha plastiki cha kopo ili isilegee, alafu shona ukingo kwa ushanga mmoja mmoja. Gundi ya sekunde tatu marufuku, inafanya kioo kiwe na ukungu na uzi unakuwa mkavu. Ya viatu nayo baada ya muda inatoka njano. Na senti usiisugue na limau, ile rangi ya kahawia ndo umri wake.

mke_wa_baharia

Mie nna la kusema na msinione mshamba. Tunda za kiunoni za bibi yako, shoga, uzivae shingoni uende nazo ofisini? Zile hazikuwa za kuonekana. Bibi yangu mie Unguja akizifua anazianika chini ya kanga, juu ya kamba unaona kanga tu, na sisi wajukuu tulijua kuna kitu hapo lakini hakuna aliyethubutu kufunua. Hizo zilikuwa zake na mumewe. Shanga za kwenye kopo haya, fanya utakavyo, lakini tunda ungeziacha.

wa_Kongowea

Hapo nitakupinga kidogo mamangu na heshima zote. Huku Mombasa wasichana siku hizi wanavaa hata juu ya jinzi na hakuna anayeshtuka, na ndugu zetu Wamaasai ushanga wao uko shingoni na masikioni mchana kweupe na ndio fahari yao. Lakini bibi ni wako Mwana_Pangani, wewe ndiye unajua angesema nini.

Mimi nataka kuuliza hizo za damu ya mzee. Chukua moja ichungulie kwenye tundu kwa tochi ya simu. Kama juu ni nyekundu na ndani ni nyeupe, kuna nyekundu za namna hiyo zilikuwa zinaletwa pwani tangu zamani za misafara, zikiitwa samesame. Yule msafiri Mwingereza Burton aliyepita bara 1857 aliandika kuwa watu waliziita pia za kuvunja mji, kwa vile wanawake walivyokuwa na wazimu nazo! Sasa sisemi zako ni za wakati huo, zimeendelea kutengenezwa miaka mingi sana baadaye, ila chungulia kwanza kabla hujazichanganya na za dukani.

Usizioshe zote kwa mpigo. Chukua moja moja ya kila rangi, loweka usiku kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, asubuhi isugue kwenye kitambaa cheupe. Kuna zingine zimepakwa rangi tu juu, kuna zingine zina fedha ndani, ikiingia maji inakuwa nyeusi. Mimi nilipoteza kikombe kizima cha za waridi kwa kiherehere, zikatoka zote nyeupe.

Na shanga zikipungua usikimbilie mpya. Siku ya kufungua marobota nenda mapema utafute magauni ya sherehe ya kizungu, yale mazito ambayo hakuna mtu anayanunua kwa joto letu. Gauni moja lililopasuka linaweza kukupa shanga za mkufu mzima, na mwenye meza anakuachia kwa bei ya tambara.

Karatasi zitakazobaki za kitabu pia usitupe. Uganda wanakata karatasi pembetatu ndefu, wanaviringisha kwenye kijiti, wanapaka vanishi, inakuwa ushanga mgumu kabisa. Kwani hata sisi, wale kina bibi kwenye picha za zamani za Lamu na Unguja si walivaa majasi ya karatasi ya rangi iliyoviringishwa masikioni? Viringisha ukanda wa karatasi mpaka ufike upana wa shilingi, zungusha shanga pembeni, hizo ni herini tayari.

mkutubi mstaafu

Mwanangu Mwana_Pangani, gundi weka chini kwanza.

Yale maandishi sio wino. Babu yako alitumia penseli ya kopi, sisi tuliikuta maofisini, ikiwa kavu unaiona kijivu kama penseli yoyote, ikipata maji inageuka zambarau na haifutiki tena. Ndiyo maana makarani na wenye maduka waliipenda, mdaiwa hawezi kuja na kifutio. Gundi yako ina maji, kwa hiyo ilifanya kazi yake. Huo ukurasa mmoja uache ukauke, weka karatasi safi juu na chini, usiusugue.

Lakini hata ingekuwa haichuruziki ningekuambia usilikate. Daftari lile liko moja tu duniani. Majina ya watu wa mtaa, bei, vipimo vya ratili, nani alikula nini mwezi gani, hayo huyapati kwenye kitabu chochote. Piga picha kila ukurasa mchana dirishani, bila fleshi, alafu katoe nakala kwenye mashine ya leza, maana wino wa leza ni unga uliochomwa kwenye karatasi, ukipaka gundi hauchuruziki. Nakala hizo ukizichovya kwenye chai ya rangi na kuzianika zinapata sura ya uzee, hapo kata, chana, bandika, hakuna atakayekulaumu. Nilishaona mtu kakata matoleo ya Mambo Leo kupamba fremu za picha. Gazeti lililoanza 1923! Alikuwa amefurahi sana, na mimi sikupata la kumwambia.

Cha kukata ni kitabu kilichokwisha kufa. Miongozo ya kodi ya miaka iliyopita, ensaiklopidia iliyobaki juzuu moja, kitabu kilicholiwa na mchwa nusu. Vitabu vya dini usiguse, msahafu na juzuu hilo halina mjadala, na Biblia iliyoandikwa majina ya watoto kwenye ukurasa wa kwanza nayo ni daftari la ukoo. Na ukikutana na kitabu cha Uingereza cha miaka ya 1800 chenye gamba la kitambaa la kijani kali, kiache hapohapo, baadhi yake rangi ile ilitengenezwa kwa aseniki, ni sumu.

Kichague kilichoshonwa. Fungua katikati, ukiona uzi kwenye mkunjo ni chenyewe, kilichobandikwa kwa gundi tu mgongoni kitakumwagikia kurasa zote. Kabla ya kuanza ng'oa karatasi moja kila baada ya tatu, maana ukishabandika vitambaa na shanga ndani kitanenepa mpaka kisifunge, kitakaa kama mdomo wazi. Dirisha la ndani, paka gundi kwenye kingo za nje tu za fungu la kurasa, weka mfuko wa nailoni kati ya fungu na kurasa nyingine, lalia tofali usiku kucha. Kesho yake pima kwa rula ya chuma, kata kurasa tano tano na wembe mpya. Ukiona karatasi inachanika badala ya kukatika, wembe umekwisha, usibishane nao.

Mwana_Pangani

Wakubwa shikamooni, nimerudi baada ya wiki tano. Mkutubi nimefuata kama ulivyosema, daftari nimelipiga picha lote, kurasa 212, liko kwenye foronya juu ya kabati na hakuna anayeruhusiwa kuligusa. Kitabu nimenunua kwa wale wanaotandaza chini pale Posta, sheria za forodha, kimeshonwa, muuzaji kaniuliza mara mbili kama nina uhakika ndo hicho.

Mkufu umekamilika kwa shanga za kwenye kopo peke yake, senti tatu, ya katikati ina kifungo cha chaza. Mshipi haujakatika, na nimepanda nao daladala makusudi.

Nilichungulia tunda kwa tochi, ndani ni nyeupe!! Nikakaa nazo mkononi muda mrefu alafu nikakumbuka maneno ya mama wa Unguja. Kwa hiyo sikuzifumua kutengenezea mkufu wala sikuzivaa. Nimebadilisha uzi tu, nikazilaza ndani ya dirisha la kitabu, pembeni nimebandika nakala za madeni, gamba nimelivika kisutu, pindo limeangukia mgongoni. Shida ni kwamba dirisha nimelikata bila kina cha kutosha, tunda nne zimeingia mbili zimegoma, nafikiria kuongeza kurasa hamsini kwenda chini.

Alafu kwenye daftari nimemkuta babu yake jirani yetu wa sasa hivi hapa Dar, sukari ratili 2, hajalipa. Nimemtumia picha. Kasema atalipa na riba.

mke_wa_baharia

Hapo sawasawa, Mungu akubariki. Ongeza hizo kurasa ziingie zote sita, usizitenganishe. Na tia kifungo na kitanzi pembeni, kisije kikafunguka mbele ya wageni.