Nimepandisha toleo la mfumo, waifai imetoweka, na programu inaniambia kazi "imefanikiwa"

Wanajamvi, nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sitajaribu kuificha.

Ijumaa iliyopita, saa mbili usiku, nilikubali kupandisha toleo la mfumo endeshi kwenye laptopu yangu, mfumo wa jamii ya Linux ambao nimeutumia miaka minne bila kugombana nao. Nilihifadhi mafaili yangu kwenye diski ya nje, nikasoma maelezo ya toleo jipya mwanzo hadi mwisho, nikahakikisha betri imejaa kwa kuwa umeme wa huku tunaujua, kisha nikanunua kifurushi cha intaneti cha GB 5 kwa ajili ya kazi hiyo tu. Baada ya saa mbili na nusu programu ikaandika kwamba kazi imekamilika kwa mafanikio. Nikawasha mashine upya, na ile alama ya waifai inayokaa pembeni mwa saa haikuwepo. Mtandao ungekuwa umekatika tu ningeelewa, lakini hata sehemu ya kuchagua mtandao ilikuwa imefutika kwenye mipangilio, kana kwamba mashine hii haijawahi kuwa na waifai tangu itoke kiwandani.

Nilianza na yale ambayo kila mtu huanza nayo. Amri ya rfkill, inayoonyesha kama waifai au Bluetooth imezimwa, haikuonyesha kizuizi chochote. Ilitaja Bluetooth peke yake. Nikaandika lspci -k, inayoorodhesha vifaa vya ndani ya mashine, na hapo nikaiona kadi yangu imeorodheshwa kwa jina lake na jina la aliyeitengeneza, ila chini yake ule mstari unaotaja draiva inayotumika, yaani programu inayouwezesha mfumo kukiendesha kifaa, haukuwepo. Gari lipo, dereva hayupo.

Kwa kuwa Jumatatu nilitakiwa kupeleka alama za mtihani wa utamilifu wa kidato cha nne, Jumamosi asubuhi nilimpelekea mashine fundi mmoja hapa mjini. Aliishika mashine kwa dakika tano, akanirudishia na kusema, "Mwalimu, hiyo kadi imekufa. Nipe 45,000 nikufungie nyingine." Nilimuuliza kadi iliyokufa inawezaje kuonekana kwenye orodha ya vifaa, akanijibu kwamba mimi nifundishe na yeye nimwachie ufundi. Nilibeba mashine yangu nikaondoka.

Nyumbani niliiwasha upya huku nikibonyezabonyeza Esc, nikaingia kwenye ile menyu ya mwanzo, nikachagua kerneli (kiini cha mfumo) ya zamani ambayo bado ilikuwa imebaki kwenye diski. Waifai ikashika ndani ya sekunde chache. Kadi ile ile, antena zile zile, meza ile ile. Kwa hiyo kilichokufa kilikuwa draiva, na ilikufa kwa sababu ya kupandisha toleo.

Ndugu zangu ambao hawajawahi kukutana na jambo hili, liko hivi. Draiva nyingi za Linux zimo ndani ya kerneli yenyewe, kwa hiyo kerneli inapobadilika nazo hubadilishwa pamoja nayo. Mtengenezaji wa kadi yangu aliamua kuitoa draiva yake nje ya kerneli, sehemu yake kubwa ikiwa imefungwa isisomeke, na kila kerneli mpya inapoingia kuna programu iitwayo DKMS ambayo hulazimika kuijenga upya ili ilingane nayo. Kazi za ndani za kerneli hazina ahadi ya kubaki zilivyo, na draiva iliyoko nje isipozifuata huachwa njiani. Nilipofungua faili la make.log ndani ya /var/lib/dkms nilikuta maelezo yote: draiva ya zamani ilikuwa inaita kazi ambayo kerneli mpya haiitambui tena, ujenzi ukakwama, na kosa likaandikwa humo saa tatu na dakika arobaini usiku. Yaani mashine ilijua. Ilijua karibu saa nzima kabla ya kuniandikia neno "mafanikio", na kosa likazikwa kwenye faili ambalo mtu wa kawaida hatalifungua maisha yake yote.

Hasira yangu iko hapo hasa. Programu ya kupandisha toleo ina orodha ya vifaa vyangu, ina orodha ya draiva zilizowekwa kutoka nje ya kerneli, na inajua ni kerneli ipi inayokuja. Ingeshindwaje kuniuliza kabla ya kuanza, "Waifai yako inategemea draiva ambayo huenda isijengeke, je, uendelee?" Iliniuliza mambo mengi yasiyo na maana, likiwemo kama ningependa kufuta vifurushi vya programu vya zamani, lakini hilo moja haikuliuliza.

Halafu kuna kichekesho chenyewe: dawa ya kukosa intaneti iko kwenye intaneti. Draiva iliyorekebishwa ilikuwepo kwenye hazina ya vifurushi, pamoja na mafaili ya vichwa vya kerneli (headers) yanayohitajika ili ijengwe. Nilijiokoa kwa kuunganisha simu kwa waya wa USB na kuwasha huduma ya kushirikisha intaneti kwa waya, kwa sababu mfumo huiona simu kama kadi ya mtandao wa waya na wala hauhitaji draiva ya waifai. Kama umekwama sasa hivi, anza na hilo kabla ya kumlipa mtu yeyote.

Nilidhani nimemaliza, kumbe bado. Draiva ilijengeka salama, lakini kerneli ikaikataa kwa kudai haina saini inayotambulika. Mashine yangu ina Secure Boot, ulinzi unaozuia programu zisizo na saini inayotambulika mashine inapowaka, na draiva inayojengwa nyumbani lazima itiwe saini kwa ufunguo ambao mwenye mashine ameuandikisha. Wakati wa kuweka kifurushi cha draiva niliambiwa niweke nywila, nikaweka. Nilipowasha upya ikatokea skrini ya bluu yenye orodha fupi ya maandishi, nikadhani ni hitilafu, nikaharakisha kubonyeza chaguo la kwanza, la kuendelea. Skrini ile ndiyo ilikuwa nafasi ya kuuandikisha ufunguo, na usipouandikisha hapo hairudi tena mpaka uombe upya kwa amri ya mokutil. Hakuna aliyenieleza. Jumapili yangu yote iliishia hapo, na alama za wanafunzi nilizituma saa sita kasoro usiku.

Tafadhali msinijibu kwamba ningesoma maelezo ya toleo. Nimeshasema niliyasoma, na kadi yangu haikutajwa hata mara moja.

Ninachoomba ni kimoja. Nataka kubadilisha kadi hii ya ndani niweke ambayo draiva yake imo ndani ya kerneli. Mwenye kadi ya namna hiyo inayomfanyia kazi anitajie utambulisho wake, zile alama nne za mtengenezaji na nne za kifaa (tarakimu au herufi), kama zinavyotokea kwenye lspci -nn. Jina lililoandikwa kwenye boksi halinisaidii, kwa maana jina moja linaweza kubeba chipu mbili tofauti, na muuzaji ukimuuliza iliyomo ni ipi anakuonyesha picha ya boksi.